Sare safi si uuguzi

Mzazi wako akirudi nyumbani kutoka hospitalini hawezi hata kujigeuza kitandani, utafanyaje? Jamaa nyingi hapa Karen huajiri muuguzi wa kumtunza mgonjwa papo hapo nyumbani. Siku ya kwanza anafika mtu mwenye sare safi na bahasha iliyojaa vyeti. Je, utajuaje kwamba anaimudu kazi?

Anza na sheria. Chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linalowatahini, kuwasajili na kuwapa leseni. Ofisi zake ziko Kabarnet Lane, karibu na Ngong Road, si mbali na Karen. Itisha nambari ya usajili na leseni, uangalie kama muda wake haujaisha, kisha uthibitishe na Baraza. Usione haya. Muuguzi wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Lakini leseni ni mlango tu. Mnamo 1990, George Miller, mwalimu wa madaktari wa Marekani, aligawa ustadi katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kutenda, kuonyesha mbele ya mtahini, na kutenda kila siku kazini. Mtihani wa kalamu na karatasi hupima ngazi mbili za chini. Ile ya nne huonekana kando ya kitanda tu, na huko mtahini ni wewe.

Basi tazama. Je, hunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa? Kabla ya kutoa dawa, huhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na saa ndiyo? Humgeuza mgonjwa mara kwa mara, usiku na mchana, na kukagua ngozi ya mgongo, nyonga na visigino? Asipofanya hivyo, vidonda vya kulalia vitaanza, na kidonda cha aina hiyo kikiingia uchafu chaweza kuua. Je, huandika joto la mwili, mpigo wa moyo na shinikizo la damu, ama husema tu, "Mzee yuko sawa"?

La mwisho ndilo kubwa. Muuguzi stadi hujua mpaka wake. Akiona pumzi imebadilika, hasubiri asubuhi, husema, "Hili lanizidi, tumwite daktari." Anayejifanya anajua kila kitu ni hatari kuliko yule asiyejua na akasema.

Nanyi wanafunzi mnaotamani kazi hii, msiridhike na alama za darasani. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mgonjwa hatakuuliza ulipata gredi gani. Atakachokijua ni mikono yako.