Uvira na funzo la Mama Tibaijuka: nani anatia sahihi kwenye parsele?

Mvua ikianza kunguruma juu ya milima ya Mitumba, wakaaji wa Uvira walio kando ya Mulongwe na Kalimabenge hawalali. Wanakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulipoacha njia yake ukabeba nyumba, daraja na watu. Makumi walikufa, maelfu ya familia walibaki nje, na hata maji ya bomba yalikatika, maana mji unakunywa kutoka mto huo huo. Mwaka 2024 ikawa zamu ya ziwa. Tanganyika ilipanda, ikaingia ndani ya nyumba za Kavimvira na kufika bandarini Kalundu.

Kila mara wakubwa wanakuja na magari, wanatazama, wanasema watu walijenga mahali pabaya, wahame. Ni kweli, walijenga mahali pabaya. Lakini muulize mwenye nyumba, atakuonyesha karatasi. Aliuziwa parsele, akalipa, akapigiwa muhuri. Muhuri huo ulitoka ofisini, haukuletwa na mto.

Ndiyo maana nasema siasa ya Uvira imekosa watu wanaojua ardhi. Tuna wanasheria, wachungaji, wafanyabiashara, na wanaume wengi wenye sauti kubwa. Mtu anayeweza kusoma ramani ya mji na kuuliza kwa nini njia ya maji imekatwa viwanja, yuko wapi? Na kama ni mwanamke, nani atamweka juu ya liste ya chama?

Tumtazame mmoja wa nchi jirani. Anna Tibaijuka alizaliwa mwaka 1950 huko Muleba, mkoa wa Kagera, Tanzania, katika familia ya wakulima. Alisomea uchumi wa kilimo Sweden, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo katika mambo ya miji aliingia kwa mlango wa ardhi na wa wanawake. Miaka ya 1990 aliongoza BAWATA, baraza la wanawake wa Tanzania. Serikali ililisimamisha, ikidai kwamba linafanya kazi ya chama cha siasa. Wanawake wetu wa mashirika ya hapa wanaijua hadithi hiyo: ukigawa mchele unasifiwa, ukiuliza habari ya urithi wa kiwanja unaambiwa unafanya siasa.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulimpa uongozi wa Habitat, idara ya makazi yenye makao yake Nairobi, ambayo baadaye ilipandishwa ikawa UN-Habitat. Huko alipata jina, na kazi moja inatuhusu sana. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilivunja nyumba na vibanda vya maskini katika miji yake, ikiita kazi hiyo Murambatsvina, yaani kuondoa uchafu. Kofi Annan alimtuma Mama Tibaijuka aende aone. Ripoti yake ilisema watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, au kazi zao, au vyote viwili. Haikuishia hapo. Ilionyesha kwamba serikali ile ilitumia sheria za mipango miji zilizoachwa na wakoloni, sheria ambazo hazikuwahi kumfikiria Mwafrika maskini kama mkaaji halali wa mji.

Nasi tujitazame. Mipango ya miji ya Kongo kwa miaka mingi imesimama juu ya dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, ya wakati wa Wabelgiji. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sawa. Lakini kando ya ziwa, Serikali hiyo ina wawakilishi wengi: kuna mtu wa kadasta, kuna shefu wa kartie, kuna chifu wa kimila, na kila mmoja ana muhuri wake na bei yake.

Mwaka 2010 Mama aliacha Nairobi akarudi nyumbani kugombea. Alichaguliwa mbunge wa Muleba Kusini, na Rais Kikwete akamfanya Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Hapa ndipo maisha yake yananivutia zaidi, kwa sababu hapa hadithi inaacha kuwa nzuri. Aliyeandika juu ya nyumba zilizovunjwa na wengine sasa alikuwa na wizara mikononi. Alirithi mpango wa mji mpya wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Wakaaji walikuwa wamezuiwa kuendeleza viwanja vyao wakingoja mpango na fidia. Walingoja miaka. Mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Kumbe hata mtu anayejua kila kitu juu ya makazi akiwa serikalini anaweza kuwaweka raia kwenye kungoja, na kwa mtu mwenye ukuta usiomalizika, kungoja ni kama kuvunjiwa polepole.

Kisha ikaja Tegeta Escrow. Mwishoni mwa mwaka 2014 ilijulikana kwamba shilingi bilioni 1.6 ziliingia katika akaunti yake ya benki kutoka kwa mfanyabiashara aliyetajwa katika kashfa ile ya pesa za umeme. Yeye alieleza kwamba ni mchango wa shule ya wasichana aliyoianzisha. Watu waliuliza: kama ni za shule, kwa nini zipite kwenye akaunti ya mtu? Desemba hiyo Kikwete akamwondoa katika uwaziri. Watu wa Muleba Kusini walimrudisha bungeni mwaka 2015, akakaa mpaka 2020. Kila mtu anaweza kumhukumu anavyotaka. Mimi naona alifanya kazi kubwa, na naona pia kwamba swali lile la akaunti lilikuwa swali la haki.

Wako watakaosema: basi, huyo msomi ametufaa nini? Tuchague wa kwetu tu, wa kabila letu, anayejua taabu zetu. Hoja hiyo naisikia sana Uvira na sikubaliani nayo. Wa kwetu ndio waliotia sahihi kando ya Mulongwe. Ujuzi wa Tibaijuka ulimwezesha kuiambia serikali ya Zimbabwe, mbele ya dunia, jambo ambalo marais wengi wa Afrika walinyamazia. Kilichomwangusha ni pesa iliyopita mahali ambapo raia hawakuwa wakiiona, na ugonjwa huo hauchagui msomi wala asiyesoma, mwanamke wala mwanaume.

Kwa hiyo siku wagombea watakaporudi na fulana na muziki, mwanamke aliyesomea ujenzi au mipango ya mji asiachwe nyuma ya liste kama mapambo. Apewe nafasi, kisha abanwe kama wengine wote. Aulizwe maneno ya hapa hapa: mita ngapi kutoka ukingo wa Mulongwe haziuzwi tena? Wanaohamishwa wanapelekwa udongo gani, na karatasi yake itaandikwa kwa jina la nani, la bwana peke yake au la mama pia?

Na kuna jambo ambalo halihitaji kungoja uchaguzi. Daftari la parsele zote zilizogawiwa kando ya mito na ziwa tangu Aprili 2020 libandikwe ukutani mwa ofisi ya meya, kartie kwa kartie, pamoja na majina ya waliotia sahihi.