Avoka akisharudi Bukavu, haki ya Fizi inabaki na nani?

Vijana wenzetu wa Baraka na Fizi,

Kuna wenye wanasema avoka ni wa watu wa dola tu. Tukumbuke 2011. Usiku wa Bonane, askari wa FARDC waliwaangukia raia wa Fizi: wakaiba, wakapiga, wakabaka. Haikuisha hata miezi miwili, korti ya kijeshi ikasafiri mpaka hapa kwetu Baraka. Wanawake 49 walitoa ushahidi, avoka wao wakiwasimamia. Tarehe 21 Februari, Luteni-Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkubwa wa jeshi, mbele ya macho ya raia!

Lakini hukumu ile ilikuwa na sehemu ya pili. Leta iliamriwa kulipa fidia pamoja na wale askari, hadi dola 10.000 kwa kila mwanamke aliyebakwa. Miaka ikapita, wamama wakingoja. Magari ya korti yalishaenda kitambo.

Na Leta yetu iko na mayele: mwenye kushinda kesi ndiye anaombwa kwanza kulipa asilimia ya fidia, ndipo hukumu itekelezwe. Asiye na kitu atafute karatasi ya kuonyesha umaskini wake. Nani atamwandikia? Nani atafuatia dosie ku Uvira, ku Bukavu? Ni kazi ya avoka, na avoka hayuko.

Hatuwalaumu wale waliokuja, walifanya kazi. Tunakataa desturi ya avoka wa kupita: mradi ukiisha, naye anaisha.

Kwa hiyo tunadai:

1. Chama cha avoka cha Sud-Kivu kilete ushauri wa bure Baraka na Fizi, siyo kwa wiki moja, kwa mwaka mzima.
2. Leta iseme wazi nani amelipwa, nani bado, na ilipe.
3. Muhanga asiombwe hata franka moja juu ya kupata fidia yake.

Na wewe kijana, Katiba, kifungu cha 19, inakupa haki ya mtetezi tangu polisi inapoanza kukuuliza. Lakini ukishikwa leo, utamwita nani?

Hukumu isiyolipwa ni karatasi tu. Tutauliza kila siku: wamama wa Fizi wamelipwa?