Tui, Chicha na Maziwa ya Njoro

Mwanafunzi wa Nakuru aweza kukariri maana ya osmosisi kwa Kiingereza asikosee hata neno, kisha akashindwa kumweleza nyanyake, mfugaji wa Njoro, jinsi elimu hiyo inavyohusiana na maziwa anayoyakama kila alfajiri. Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hiyo. Dai hili halina mashiko.

Mpishi wa pwani achujapo nazi kwa kifumbu hupata vitu viwili: tui lipitalo na chicha ibakiayo. Kichujio cha utando hufanya vivyo hivyo. Ni ngozi nyembamba yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na maziwa husukumwa yapite kwa nguvu. Vitundu vikiwa na upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, bakteria wengi huzuiwa. Vikiwa vidogo zaidi, protini hubaki, huku maji, sukari ya maziwa na chumvi zikipita. Vikiwa vidogo kupindukia, hupita maji karibu peke yake. Hiyo ndiyo osmosisi kinyume, iwezayo pia kuondoa floridi iliyozidi katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia.

Tofauti ni moja: jikoni twathamini tui, ilhali kiwandani mara nyingi chicha ndiyo mali. Lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo 1 ya jibini. Maji yabakiayo, kama lita 9, huwa na karibu humusi ya protini yote ya maziwa. Yakimwagwa mtoni huimaliza oksijeni, nao mto Njoro humiminikia Ziwa Nakuru. Mwaka 1969 wataalamu wa Ufaransa walibuni njia ya kuchuja maziwa kwa utando kabla ya kuyagandisha, ili protini hiyo ibaki ndani ya jibini.

Elimu ya maziwa hufundishwa papo hapo Njoro, katika Chuo Kikuu cha Egerton. Basi walimu wa kemia na wa Kiswahili na waketi pamoja. Mtihani ubaki wa Kiingereza, lakini maelezo yaanzie kwenye kifumbu. Mfugaji asiyejua kwamba chicha ina thamani hataidai bei yake.