Waacheni wanafunzi wabishane kwenye Hisabati

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa huko nyumbani Tanzania, wimbo ni ule ule: Hisabati imewaangusha vijana. Mwaka 2022 waliofaulu somo hilo walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Tunalaumu uhaba wa walimu na vitabu, na lawama hizo ni za kweli. Lakini lipo jambo lisilohitaji bajeti ambalo hatulisemi: darasa la Hisabati liko kimya mno.

Mwalimu anaandika kanuni ubaoni, wanafunzi wananakili, kisha anauliza, "Mmeelewa?" Wote kwa sauti moja, "Ndiyo mwalimu!" Ndugu zangu, huko si kuelewa, ni kuitikia.

Chukueni hesabu ya 1/2 + 1/3. Wengi hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakapata 2/5. Mwalimu mwenye haraka huweka alama ya kosa akaendelea. Mwenye busara huandika ubaoni 2/5 na 5/6, hasemi lipi sahihi, ila anauliza: "Ukiwa na nusu chapati, ukaongezewa kipande, unaweza kubaki na pungufu ya nusu?" Kisha anawapa dakika chache wajadiliane wawili wawili pale pale kwenye madawati, na baadaye kila upande usimame utoe sababu. Watagundua wenyewe kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu, na kwamba vipande visivyolingana havijumlishwi mpaka vikatwe sawa. Aliyegundua hivyo hasahau.

Wajapani wanajulikana kwa ufundishaji wa namna hii: swali moja gumu, wanafunzi wahangaike nalo, kisha njia zao mbalimbali zilinganishwe mbele ya darasa zima.

Wapo watakaosema darasa la wanafunzi 80 litageuka soko. Kelele zina dawa: swali moja tu, muda maalumu, anapingwa mwenye hoja kwa hoja, na hachekwi mtu. Fimbo nayo iwekwe pembeni. Mtoto anayechapwa kwa kukosea hatathubutu kufungua mdomo.

Na wabishane kwa lugha gani? Sekondari zetu nyingi hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayehangaika kutafuta maneno atapata wapi nafasi ya kutafuta hoja? Wabishane kwa Kiswahili, wakishaelewa waandike kwa Kiingereza cha mtihani. Anayemkataza mwanafunzi Kiswahili katikati ya hoja anamnyima Hisabati na Kiingereza kwa pamoja.

Nasi tulio ughaibuni tuna sehemu yetu. Tunatuma fedha za tuisheni, halafu tukipiga simu tunauliza, "Umepata ngapi?" Tuanze kuuliza, "Umepataje?" Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi tuwafungulie watoto wetu mlango wa kuuliza.