Kustaafu si Kuketi: Wazee wa Isiolo na Siku Zao

Ukipita mitaa ya mji wa Isiolo baada ya swala ya alfajiri, utawaona wazee wakitoka msikitini na bakora zao, kila mmoja akishika njia yake. Mmoja huelekea kwenye mifugo, wa pili hotelini kunywa chai, na wa tatu hurudi nyumbani, akavuta kiti, akakaa mpaka aadhiniwe adhuhuri. Huyo wa tatu ndiye tutakayemzungumzia leo, maana hata hapa kwetu pwani tunaye, tena si mmoja.

Isiolo yafaa kutazamwa katika jambo hili kwa sababu ni mji uliokuzwa na wastaafu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyokwisha mwaka 1918, serikali ya kikoloni iliwapa makazi huko Wasomali wa koo za Isaak na Harti waliotumikia jeshi la Mwingereza. Walipewa malisho. Aliyeshika bunduki akashika fimbo ya ng'ombe, na wengine wakaingia katika biashara.

Mstaafu wa leo hali yake ni nyingine. Mtumishi wa serikali ya Kenya alikuwa akistaafu kwa miaka 55, na tangu mwaka 2009 umri huo ni 60. Huondoka na nguvu zake bado. Fedha zake hupigiwa hesabu, kiinua mgongo na pensheni, lakini saa zake hazipangwi na mtu. Neno lenyewe kustaafu limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba udhuru wa kuachiwa kazi. Sisi tumelifanya kuwa udhuru wa kuachiwa kila kitu. Na tumefundishwa kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mwenye miaka 65 na zaidi ajishughulishe kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mzee ambaye msikiti wake uko mwendo wa dakika tano, akienda na kurudi kwa swala zote tano, hutimiza dakika 350, maadamu hajikokoti njiani.

Lakini miguu si jambo zima. Mzee huhitaji kuwa na mtu anayemngojea. Kwa Waborana wa Garba Tulla na Kinna, wazee waitwao jarsa dedha ndio waamuao malisho yapi yatumike wakati wa mvua na yapi yahifadhiwe kwa kiangazi. Penye kisima yuko aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha. Asipofika asubuhi, ngamia wa huyu watasukumana na ng'ombe wa yule, na ugomvi utazuka. Hakuna haja ya kumhimiza mzee kama huyo afanye mazoezi.

Sasa, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 mpaka mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Tulihesabu nyama na maziwa yaliyopotea. Ni wachache waliohesabu kwamba mzee aliyefiwa na mifugo amepotewa na kazi yake ya kila asubuhi, akahamia pembeni mwa mji kukaa kivulini.

Huku pwani ukame wetu ni wa namna nyingine. Baba aliyefanya kazi bandarini miaka thelathini huambiwa na wanawe, kwa mapenzi kabisa, "Baba, wewe pumzika." Sokoni wanakwenda wao, bili wanalipa wao, hata mjukuu hupelekwa chuoni na mtumishi. Wanadhani wanamheshimu. Kumbe hesabu za msikiti au za wakfu zingemfaa mtu aliyezoea hesabu, na mjukuu angeshikwa mkono na babu yake.

Kinamama wa Isiolo wauzao maziwa ya ngamia, wale wa ushirika wa Anolei na wenzao, hawana barua ya kustaafu wala pensheni ya kazi hiyo. Maziwa hayo husafirishwa kwa basi mpaka Eastleigh, Nairobi, na hayana budi kukusanywa, kuonjwa na kupakiwa kabla basi halijaondoka.