Maonesho na Yaseme kwa Kipimo cha Ziwa

Ujumbe wa mabadiliko ya tabianchi, ukitolewa katika maonesho ya biashara ya Mwanza kwa nyuzi za joto tu, hautamgusa mvuvi wa Kirumba. Yeye hupima mwaka kwa maji. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipita kiwango cha mwaka 1964, likafunika mialo. Yapata asilimia 80 ya maji yaliingiayo ni mvua inyeshayo juu yake lenyewe. Mvua ikibadilika, ufuko hubadilika. Waandaaji na waanzie hapo.

Tena, viwanja visiukanushe ujumbe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ilhali chupa zitupwazo ovyo jijini husombwa na Mto Mirongo hadi ziwani. Maonesho yaachayo taka huufundisha umma kupuuza yaliyosemwa humo.