Kidole kishadungwa kwa malaria, mbona sukari haipimwi?

Ukipata homa ukiwa Asembo Bay, hakuna anayebahatisha. Unaingia zahanati, unanyoosha mkono, kidole kinadungwa, na baada ya muda mfupi unaambiwa kama ni malaria au la. Ukanda wa Ziwa ndio unaoongoza nchini kwa ugonjwa huo, kwa hivyo kudungwa kidole huku ni jambo la kawaida kama kununua omena.

Sasa nikuulize: kidole hicho hicho kishawahi kukuambia sukari yako iko ngapi?

Kama jibu ni hapana, hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulipata kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 wenye umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Si kwamba walipimwa wakapatikana wako sawa. Hawakupimwa kabisa.

Na hapo ndipo mambo ya Asembo yanakuwa ya kushangaza. Hapa si mahali palipobaki nyuma kwa utafiti wa afya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, neti zilizotiwa dawa zilijaribiwa Asembo na kwa majirani wa Gem, na matokeo yake yalisaidia dunia kukubali kwamba neti inaokoa watoto. Mwaka 2001, KEMRI na CDC ya Marekani walianza kufuatilia boma kwa boma: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Hospitali ya misheni ya Lwak imetumika kwa miaka mingi kufuatilia magonjwa ya kuambukiza, sambamba na kliniki moja Kibera. Kwa hivyo wewe wa Nairobi usidhani hii ni stori ya mashambani. Tumezoea kuwinda viini. Ugonjwa usio na kiini unapita kando yetu bila kusalimiwa.

Tuongee kuhusu hatua ya kabla ya kisukari. Sukari ya damu ikipimwa asubuhi, baada ya kukaa angalau saa 8 bila kula, isome chini ya 6.1, uko sawa kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Ikiwa 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari, na daktari atarudia kipimo ili kuhakikisha. Katikati, 6.1 mpaka 6.9, ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui. Madaktari wa Marekani wako wakali zaidi, wanaanza kukuonya ukifika 5.6. Ukiwa hapo, mwili bado unatengeneza insulini, ila seli zimeanza kuizoea na kuipuuza. Kongosho inaongeza bidii, na siku moja inachoka.

Shida ni kwamba hatua hii kwa kawaida haina dalili. Kiu isiyoisha, kukojoa kila saa usiku, macho kuona ukungu, kukonda bila sababu: ukiona hizo, mara nyingi ushavuka mpaka, na hupaswi kungoja wiki ijayo. Dalili moja inayoweza kuja mapema ni ngozi kuwa nyeusi na nene nyuma ya shingo au kwapani. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi, watu hudhani ni uchafu, unasugua mpaka unajiumiza. Si uchafu, nenda upimwe. Uchovu nao? Unaweza kuwa sukari, malaria, upungufu wa damu au kazi tu. Huwezi kujua kwa kukisia.

"Lakini mimi ni kijana." Sawa. Ila angalia siku yako. Unatoka Manyatta hadi mjini kwa boda, unakaa kazini, unarudi kwa boda. Asubuhi ni chai ya vijiko vitatu na mandazi, mchana chipsi na soda, usiku kinywaji cha kuongeza nguvu ili usisinzie kwenye gemu. Kama ni mvuvi wa omena, usiku wote uko majini, na usingizi mchache nao huongeza hatari. Ongeza mzazi mwenye sukari na tumbo linaloanza kutangulia mlangoni. Miaka 26 haikukingi.

Habari njema ni kwamba hapo katikati unaweza kurudi nyuma. Mwaka 2002, Wamarekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali hiyo. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Soma tena: miguu na sahani zilishinda kidonge. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kama kilo 5 na nusu, na dakika 150 ni nusu saa siku tano kwa wiki.

Na hauhitaji chakula cha matajiri. Samaki, omena, osuga, apoth na dek viko sokoni, na ndivyo tulivyolelewa navyo. Kinachohitaji kubadilika ni mgao: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki au maharagwe, robo inayobaki ndiyo ugali. Najua, kwa Mjaluo kusikia ugali ni robo ni kama tusi. Lakini usidanganywe pia kwamba ugali wa mtama unaweza kula mlima mzima, bado ni wanga. Asali na sukari nguru bado ni sukari. Sharubati pia, hata ya embe la nyumbani. Soda ndiyo rahisi zaidi kuacha, kwa sababu haishibishi hata. Ukimaliza kula, tembea dakika kumi kabla ya kulala kwenye kochi. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu.

Kuna kizuizi ambacho vipeperushi vya hospitali havikitaji. Huku kwetu, ukikonda watu wanaongea. Ukimwi ulipiga eneo hili vibaya, na kabla yake kulikuwa na hofu ya chira, ule ugonjwa wa kudhoofika unaosemekana humpata aliyevunja mwiko. Kwa hivyo kilo tano zikipungua, mama anauliza kwa sauti ya chini kama uko sawa, na majirani wanajijibu wenyewe. Kwa upande mwingine, tumbo linapongezwa: "Umependeza, mjini kumekukubali!" Kijana anaogopa kupona kwa sababu kupona kunafanana na kuugua. Dawa yake ni kusema wazi: napunguza sukari. Ukisema kwanza, umbea unakosa kazi.

Sasa tuje kwa serikali, maana si kila kitu ni nidhamu yako. Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Oktoba 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na kwa mujibu wa sheria mpya, huduma ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya serikali kwa aliyejisajili. Kwenye karatasi, kupima sukari mapema kumefika mpaka mlangoni kwako.

Lakini mashine bila vijiti vya kupimia ni kama simu bila chaji. Na ukiangalia hesabu, kuchelewa ndiko kunakotumaliza. SHA hulipa Sh10,650 kwa kila kipindi cha kusafisha damu kwa mgonjwa ambaye figo zimefeli, na kisukari ni moja ya sababu kuu za figo kufeli. Mara mbili kwa wiki, hiyo ni zaidi ya Sh1.1 milioni kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Nasema hivi bila digrii, chuo niliacha njiani, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Pesa za mwisho wa ugonjwa zinatengwa, za mwanzo wake tunaombea.

Kwa hivyo nakuomba ufanye jambo moja. Siku nyingine ukidungwa kidole kwa malaria, omba tone la pili lipimwe sukari. Uliza bei kwanza, na ujue kwamba homa yenyewe inaweza kupandisha sukari, na pengine ulikuwa umekula. Namba ikiwa juu, rudi ukiwa mzima, asubuhi, tumbo tupu, na uombe kipimo cha maabara. Ukipewa kile cha HbA1c na una selimundu au upungufu wa damu, mwambie daktari, kwa sababu kinaweza kudanganya. Ukiambiwa hakuna vijiti, uliza vitakuja lini, na umuulize MCA wako pia.

Neti ilikubalika Asembo kwa sababu watu walihesabiwa na namba zikaonyesha. Sukari nayo inangoja kuhesabiwa. Anza na yako, kisha mpeleke mzazi wako.